Kuimarisha mfuniko wa tundu la dari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu lile tundu la mraba lililo kwenye dari ya korido, stoo au bafu, ambalo fundi umeme na fundi bomba hupandia ili kufikia nyaya na simtanki. Majibu yameandikwa kwa kuzingatia nyumba za kawaida za Tanzania, yaani zile zilizoezekwa kwa mabati au vigae juu ya kenchi za mbao (fremu zinazobeba paa), na kuwekewa dari ya jipsamu, silingi bodi au plaiwudi. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta baadhi ya majina ya vifaa yanatofautiana na yale anayoyatumia dukani kwake, ila kazi ni ile ile.

Je, kipande cha dari kinachofunguliwa mara moja kwa mwaka kinastahili kufungwa kama mlango?

Kinastahili, kwa sababu ni mlango. Zunguka nyumba yoyote ya mjini uone fedha za ulinzi zilikokwenda: madirisha yana nondo, mlango wa mbele una grili na vitasa viwili, na juu ya uzio pamepandwa vipande vya chupa. Kisha ingia ndani na utazame juu, utakuta mraba wa jipsamu uliolazwa tu juu ya vipande vya mbao, ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kuuinua kwa mpini wa ufagio. Mtu aliyekwisha kung'oa misumari ya bati moja, au kuondoa vigae vichache, hana tena haja ya kushughulika na nondo wala vitasa, kwa kuwa ameshaupita ulinzi wote ulioulipia.

Wizi si sababu pekee. Mfuniko usiokaa sawasawa hupitisha vumbi la darini, mende, panya na harufu ya kinyesi cha popo. Hucheza upepo ukivuma. Na ukiwa mzito unaweza kumwangukia mtu anayepita chini yake. Wengi wanaoanza kazi hii kwa kuhofia wezi hugundua baadaye kwamba faida wanayoiona kila siku ni korido isiyojaa vumbi.

Mwizi hawezi kuitoboa dari yenyewe hata kama tundu limefungwa?

Anaweza. Jipsamu ya milimita 9 huvunjika kwa teke moja, na hakuna komeo litakalobadilisha jambo hilo. Tofauti iko katika kelele na muda. Anayeshuka kupitia tundu huinua mfuniko, huuweka pembeni, huning'inia kwa mikono na kutua koridoni bila mtu kusikia. Anayevunja bodi huangusha vipande vizito sakafuni, hajui chini yake kuna nini, na huenda akatua juu ya kabati la vyombo. Kazi ya mfuniko uliofungwa vizuri ni kuiondoa ile njia ya kimya.

Kuna usiku mmoja ambao hesabu hii huvurugika, nao ni usiku wa mvua kubwa, ambapo mabati hupiga kelele kiasi kwamba hata bodi ikianguka sebuleni aliyelala chumbani hasikii. Kwa nyumba iliyo peke yake, au inayobaki bila watu kwa muda mrefu, king'ora kidogo cha sumaku kinachotumia betri, cha aina ile inayowekwa kwenye milango, kikifungwa kwenye mfuniko kwa upande wa chini kitasaidia siku hiyo kuliko kuongeza komeo la tatu. Hakikisha tu kwamba sauti yake inafika chumbani ukiwa umefunga mlango.

Nitajuaje kwamba mfuniko wangu ni dhaifu?

Chukua ufagio na usukume katikati ya mfuniko, kisha kila kona. Ukiinuka bila kukataa, hauna kizuizi chochote. Ukiinuka upande mmoja tu, umefungwa upande mmoja, na kona iliyo huru inatosha kupitisha mkono. Baada ya hapo tazama sakafu iliyo chini ya tundu asubuhi kabla ya kufagia: mfuniko unaocheza huacha mstari mwembamba wa vumbi jeusi unaofuata umbo la tundu, mara nyingine pande mbili tu za mraba, zile zenye mwanya mpana zaidi. Alama za vidole ukutani karibu na dari ni suala jingine. Ikiwa hakuna fundi aliyepanda siku za karibuni, zichukulie kwa uzito.

Jambo la mwisho la kukagua ndilo linalosahauliwa kuliko yote, nalo ni kile ambacho skrubu zimeshika. Nyumbani kwetu fundi alileta komeo zuri la shaba, akalifunga kwa skrubu nne fupi kwenye jipsamu yenyewe, akapaka rangi juu, na kazi ikapendeza. Baada ya miezi miwili nilivuta komeo ili nipande kuangalia uvujaji, likabaki mkononi mwangu pamoja na skrubu zake zote, na kila skrubu ilikuwa imebeba unga mweupe mithili ya chaki. Jipsamu haishiki skrubu inayovutwa. Komeo lina nguvu ya ubao ulio nyuma yake, na pasipo ubao halina nguvu yoyote.

Nijiandae vipi kabla ya kupanda?

Zima umeme kwenye swichi kuu, na mwambie kila aliye nyumbani kwamba usiwashwe. Umeme wa majumbani ni volti 230 au 240, unaotosha kuua, na nyaya zilizolazwa juu ya dari kwa miaka mingi mara nyingi huwa zimetafunwa na panya au zimeunganishwa kwa utepe wa kunata tu bila kiboksi. Nyumba ikiwa na sola, kumbuka kwamba nyaya zinazotoka kwenye paneli hubaki na umeme muda wote jua linapowaka, hata kama umezima kila swichi iliyo ndani. Usiziguse wala usizisogeze. Vivyo hivyo, inveta yenye betri inaweza kuendelea kupeleka umeme kwenye baadhi ya taa baada ya swichi kuu kuzimwa, kwa hiyo nayo izimwe.

Panda asubuhi mapema. Joto la chini ya bati saa saba mchana humlevya mtu, na anayeishiwa nguvu darini hana mahali pa kukaa. Vaa barakoa inayobana vizuri, miwani ya kazi, shati la mikono mirefu na viatu vyenye soli ya raba. Tumia taa ya kichwani, maana tochi ya simu inakuachia mkono mmoja tu wa kujishikia.

Dari nyingi ziko kati ya futi 9 na 10 kutoka sakafuni, na hapo ndipo kigoda huwekwa juu ya meza. Usifanye hivyo hata kwa dakika mbili. Tumia ngazi ya kukunjuka iliyofunguka hadi mwisho na kufungwa bawaba zake, juu ya sakafu kavu, na usisimame kwenye vipago viwili vya juu. Ikiwa ngazi ni ya kuegemeza, kwa kila futi 4 za kwenda juu vuta mguu wake futi 1 kutoka ukutani, na mtu mzima aishike kwa chini. Mlango ulio karibu na ngazi ufungwe kwa ufunguo, ili asitokee mtu akaufungua ghafla na kuisukuma.

Nikishafika juu, nikanyage wapi?

Kanyaga mbao za kenchi pekee, na hata hizo kwanza hakikisha hazijaliwa na mchwa. Vile vijiti vya inchi 2 kwa 2 vilivyopigiliwa bodi vimewekwa kubeba bodi, havikuwekwa kubeba mtu. Kazi nyingi zilizoelezwa hapa zinaweza kumalizika ukiwa umesimama kwenye ngazi, kichwa na mikono pekee vikiwa ndani ya tundu, na hiyo ndiyo namna bora. Ukilazimika kuingia, laza ubao mpana unaovuka kenchi mbili au zaidi na utambae juu yake.

Vifaa gani vinahitajika?

Kwa tundu la inchi 24 kwa 24, ambalo ndilo linalompitisha mtu mzima bila shida, utahitaji mbao za inchi 2 kwa 3 za kutengenezea fremu, vipande vya inchi 1 kwa 1 vya kuwa kizingiti cha mfuniko, kipande cha plaiwudi cha milimita 18, makomeo mawili ya kuteleza, skrubu za inchi 3 na za inchi 1½, gundi ya mbao na ukanda wa sponji wa kubandika, ule unaotumika kwenye milango. Zana ni msumeno, drili, bisibisi, tepu, skweya, patasi na pima maji. Aliye pwani anunue makomeo na skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi huigandisha skrubu ya kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, na siku ya kufungua kichwa chake hukatika.

Mbao ziwe zimekauka na, ikiwezekana, zimetiwa dawa ya mchwa. Paini inatosha kwa fremu. Mninga au mkongo ni bora zaidi, lakini mbao ngumu hukataa skrubu isiyotobolewa njia: toboa kwanza kwa drili yenye kipenyo cha theluthi mbili hivi ya kile cha skrubu, kisha usugue skrubu kwenye mche wa sabuni kabla ya kuizungusha. Mafundi seremala wa zamani hufanya hivi bila hata kufikiri, nasi tunaojifunza ukubwani huikumbuka sabuni baada ya kukata skrubu mbili.

Fremu inatengenezwa namna gani?

Hii ndiyo kazi yenyewe; yote yanayofuata hutegemea fremu imeshikwa na nini. Anza kwa kuondoa mfuniko wa zamani na kutazama kingo za tundu kutokea juu. Katika nyumba nyingi utakuta upande mmoja au pande mbili za tundu ziko kwenye vijiti vya dari, na pande zilizobaki ni bodi tupu inayoning'inia. Bodi hiyo tupu ndiyo inayopinda, ndiyo inayofungua mwanya wa vumbi, na ndiyo inayopasuka mtu akiweka uzito.

Kata vipande vinne vya mbao ya inchi 2 kwa 3 na uviunganishe kuwa sanduku lisilo na chini wala juu, upana wa inchi 3 ukiwa umesimama wima, kwa gundi na skrubu mbili za inchi 3 katika kila kona. Kabla gundi haijakauka, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, sanduku ni mraba kweli; vikitofautiana, sukuma kona iliyo ndefu mpaka vilingane. Skweya peke yake inaweza kukudanganya kwenye mbao iliyopinda kidogo, ila mshazari haudanganyi.

Sanduku likishakauka, lipitishe kwenye tundu likiwa limeinamishwa, likae juu ya bodi, mdomo wake ukilingana na kingo za tundu. Sasa ndipo unapolifunga kwenye kenchi. Ikiwa kenchi inapita kando ya tundu, funga sanduku moja kwa moja kwenye kenchi kwa skrubu nne za inchi 3. Upande ambao kenchi iko mbali, pitisha ubao wa inchi 2 kwa 4 kutoka kenchi hii hadi ile, ukigusa upande wa sanduku, kisha ufunge ncha zake kwenye kenchi na katikati yake kwenye sanduku. Usikate kenchi wala kuipunguza kwa namna yoyote ili kupata nafasi, hata kama inakatiza katikati ya mahali unapopapenda. Mbao hizo zinabeba paa, na ni heri tundu lihame kuliko kenchi ikatwe. Mwishoni, kutokea chini, funga bodi ya dari kwenye sanduku kwa skrubu za jipsamu kila baada ya inchi 6, ukizama kidogo tu bila kuipasua karatasi ya juu ya bodi.

Kizingiti huja baada ya hapo. Vile vipande vya inchi 1 kwa 1 vifunge kwa ndani ya sanduku, kwenye pande zote nne, vikiwa sawa na uso wa chini wa dari, kwa gundi na skrubu za inchi 1½ kila baada ya inchi 6. Mfuniko utalala juu ya kizingiti hiki. Pima kwa pima maji pande zote, maana kizingiti kilichoinama hutoa mfuniko unaocheza kama meza yenye mguu mfupi.

Mfuniko ufunguke kwenda juu au chini?

Mafundi wengi watakupa mfuniko wa kushuka chini, wenye bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, kwa kuwa ni rahisi kuufungua. Mimi napendelea unaoinuka juu na kulala juu ya kizingiti. Fikiria mtu aliye darini: akiukanyaga mfuniko wa kushuka, uzito wake wote unaangukia komeo moja na skrubu za bawaba, akiukanyaga ule unaolala juu ya kizingiti, uzito unagawanyika pande nne za fremu. Ili aufungue lazima auvute juu, na juu hakuna cha kushika, mradi usiweke kitasa wala kamba upande huo.

Udhaifu wa mfuniko wa kuinuka ni kwamba bawaba, zikiwekwa, zinakuwa upande wa juu, ambako zinaweza kufunguliwa kwa bisibisi. Njia nyepesi ni kuziacha kabisa: mfuniko uwe kipande huru kinachoinuliwa na kusogezwa pembeni, kikishikwa na makomeo mawili yanayotazamana. Anayetaka bawaba kwa sababu mfuniko ni mzito atumie, badala ya skrubu, bolti zenye kichwa laini cha mviringo kisicho na mkato, kichwa kikiwa juu na nati ikiwa chini kwa upande wa chumba.

Mfuniko wenyewe uwe wa nini?

Plaiwudi ya milimita 18 iliyokatwa ikiacha nafasi ya milimita 3 kila upande, kwani mbao huvimba msimu wa masika, na mfuniko uliobana sana mwezi wa Januari hautafunguka mwezi wa Aprili. Kwa inchi 24 kwa 24 uzito wake ni takriban kilo 4, ambao mtu mzima anaweza kuusukuma juu kwa mkono mmoja akiwa ameshika ngazi kwa mwingine. Usitumie chipubodi, hunyonya unyevu, huvimba na kumomonyoka kwenye skrubu. Anayetaka mfuniko ufanane na dari anaweza kubandika kipande chembamba cha bodi upande wa chini na kupaka rangi ile ile.

Bandika ukanda wa sponji juu ya kizingiti, pande zote nne. Ndio unaozuia vumbi, na ndio unaoondoa mlio wa mbao kugongana.

Niweke komeo au kufuli?

Komeo, tena mawili, upande wa chini wa mfuniko, yakielekea pande zinazotazamana. Kila komeo lishikwe na skrubu ambazo ncha zake hazitokezi upande wa juu, na kijiti chake kiingie kwenye tundu ulilotoboa ndani ya kizingiti, kwa kina kisichopungua milimita 25. Vibati vile vyembamba vya kupokelea kijiti vinavyouzwa pamoja na komeo huvutika kirahisi; tundu lililotobolewa ndani ya ubao ni imara zaidi na halina gharama.

Kufuli lina mahali pake, kwa mfano kwenye nyumba yenye watoto wakubwa wanaopenda kupanda, au pale ambapo wafanyakazi wengi huingia na kutoka. Lakini fikiria simtanki iliyo darini ikipasua bomba usiku, au nyaya zikianza kutoa moshi, huku ufunguo ukiwa kwenye mkoba wa mtu aliyesafiri kwenda Dodoma. Ukiweka kufuli, ufunguo ukae ndani ya nyumba, mahali panapojulikana na watu wazima wote, wala usiwe kwenye shada moja na funguo za gari. Kwa nyumba nyingi komeo linatosha, kwa kuwa adui anayekusudiwa yuko upande wa juu, na mwenyeji anayehitaji kufungua haraka yuko chini.

Nimepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba vingi. Je, hili linanihusu?

Linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote, na jibu lake ni gumu kidogo. Katika nyumba nyingi za kupangisha, kuta zinazotenganisha vyumba huishia kwenye dari na hazifiki kwenye bati. Maana yake ni kwamba juu ya vyumba vyote kuna uwazi mmoja, na anayepanda kupitia tundu la chumba namba moja au la koridoni anaweza kutambaa hadi juu ya chumba namba sita. Unaweza kufunga kufuli la bei yoyote mlangoni, na televisheni ikaondoka bila mlango kuguswa.

Kufunga tundu la chumba chako kunasaidia, lakini tundu la koridoni, ambalo ni la wote, lina umuhimu mkubwa zaidi, na hilo ni jukumu la mwenye nyumba. Zungumza naye mkiwa wapangaji kadhaa, na mpelekee makadirio ya vifaa yaliyoandikwa, kwa sababu ombi lenye orodha ya mbao na skrubu hukataliwa kwa nadra kuliko lawama. Suluhisho la kweli ni kuinua kuta hadi kwenye bati, kazi inayohitaji fundi mwashi na uhakika kwamba msingi na linta (boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha) vinaweza kubeba tofali za ziada. Pale ambapo hilo halitawezekana, wavu wa BRC (ule wa vyuma vyembamba vilivyochomelewa) uliofungwa kwenye kenchi juu ya mstari wa ukuta hutenganisha vyumba bila uzito mkubwa na bila kuzuia hewa. Usianze kutoboa wala kufunga chochote bila ruhusa ya mwenye nyumba, ikiwezekana iliyoandikwa, na mkubaliane mapema kama gharama itakatwa kwenye kodi.

Mfuniko unagonga usiku hata kama hakuna mtu juu. Ni nini?

Mara nyingi ni hewa. Upepo unapoingia chini ya bati, au mlango unapopigwa kwa nguvu ndani ya nyumba, shinikizo la hewa hubadilika ghafla na mfuniko mwepesi huinuka na kurudi. Jaribio ni rahisi: pigiza mlango wa chumba mchana huku mwenzako akiutazama mfuniko. Ukiruka, umepata jibu, na ukanda wa sponji pamoja na makomeo mawili vitaunyamazisha. Msaga-msaga wa miguu midogo unaosikika baada ya kugonga ni panya, na hilo halihitaji jaribio.

Nifanye nini kuhusu popo na panya kabla ya kuziba?

Kwa panya, ziba kila penye mwanya unaopitisha penseli kwa chuma cha kusugulia masufuria kilichosokotwa, kisha saruji au plasta juu yake, kwani povu na sponji peke yake huvitafuna. Ondoa pia matawi ya miti yanayogusa paa.

Popo wanataka subira. Wengi wa hawa wanaokaa darini hula wadudu, na ni heri waondoke wakiwa hai kuliko wafungiwe wafe na kuoza juu ya kitanda chako. Wasubiri watoke jioni giza linapoingia, kisha ziba njia yao ya nje kwa wavu, si tundu la ndani pekee. Ukiona vitoto visivyoweza kuruka, ahirisha kazi kwa wiki kadhaa mpaka waruke. Kinyesi chao kikavu usikifagie: vumbi lake linaweza kubeba vijidudu vya ukungu vinavyodhuru mapafu. Kinyunyizie maji kwanza, vaa barakoa na glavu, kikusanye kwa koleo dogo hadi kwenye mfuko, na ufunge. Popo akikung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni na uende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kichaa cha mbwa, ambacho popo pia anaweza kuambukiza, hakina tiba baada ya dalili kuanza.

Usizibe matundu ya hewa yaliyo chini ya ukingo wa paa. Yawekewe wavu wa waya wenye macho madogo, ili hewa ipite na joto lisizidi.

Nyumba ni ya zamani na dari yake ni ngumu, ya kijivu, inayofanana na saruji. Naweza kuikata?

Usiikate, usiitoboe, wala usiipige msasa. Baadhi ya majengo ya zamani yana bodi na mapaa ya saruji iliyochanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu, mara nyingi miaka mingi baadaye. Kwa macho pekee huwezi kuitofautisha na bodi salama. Acha dari ilivyo, funga tundu kwa namna isiyohitaji kukata bodi, na utafute mtaalamu kabla ya kufanya zaidi.

Ni wakati gani niache na kumwita fundi?

Kenchi ikiwa imeliwa na mchwa au imepasuka. Nyaya zikiwa zimepita mahali fremu inapotakiwa kukaa. Dari ikiwa imelegea eneo lote badala ya pale penye tundu tu. Na tundu likiwa juu ya ngazi ya ghorofa, ambako ngazi ya kupandia haiwezi kusimama sawasawa. Unapomwita, mwonyeshe unachotaka na umuulize swali moja kabla hajaanza: skrubu za komeo zitashika ubao gani? Akielekeza kidole kwenye jipsamu, mshukuru na umtafute mwingine.

Matunzo yake ni yapi?

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, vuta makomeo yote mawili, yatie tone la mafuta ya cherehani, kaza skrubu, na utazame ukanda wa sponji kama umebonyea. Ukiwa umeshapanda ngazi, ingiza taa na uangalie bati kutokea ndani: miale myembamba ya mwanga kwenye matundu ya misumari ni mahali mvua itakapopita, na bati lenye msumari unaoning'inia huku mwenzake wa jirani umekaza linahitaji kukaguliwa kutokea nje siku hiyo hiyo.